Urari wa Prosesa na Kadi: Maneno ya Mkurugenzi Mkuu Siku ya Kukata Utepe

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye shughuli nyingi zimemzuia kufika na badala yake amemtuma Mwakilishi, Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye naye kazuiwa na foleni na badala yake amemtuma dereva, Ndugu Dereva wa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, karibu sana, kiti chako ni kile chenye kitambaa cheupe, Waheshimiwa Wakurugenzi Wasaidizi, makaimu wa Wakurugenzi Wasaidizi, na nyie mnaokaimu nafasi za makaimu, Wajumbe wa Kamati ya Urari, na wajumbe wa kamati ndogo iliyoundwa kuichunguza Kamati ya Urari, wazazi, walezi na wakazi wa maghorofa ya jirani, ndugu wanahabari, watumishi wenzangu mliohudhuria kwa hiari baada ya kukumbushwa kwamba mahudhurio yanachukuliwa, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

(Makofi. Dereva anahamia kwenye kiti chenye kitambaa cheupe.)

Mimi ndimi Mkurugenzi Mkuu wa Idara ya Maendeleo ya Michezo ya Kidijitali, cheo ambacho kabla yangu hakikuwepo na ambacho, kwa unyenyekevu wote nilionao, na unyenyekevu wangu ni mkubwa kuliko wa watu wengi, sioni kama baada yangu kitapata mtu wa kukitosha. Nimesimama mbele yenu siku hii ya kihistoria, baada ya kukata utepe asubuhi, kuwaeleza kwa kina mradi wetu mkubwa wa kuziapgredi kompyuta za vijana, mradi ambao umepita katika kila hatua ya mchakato, fizibiliti stadi, stekholda injejimenti, kapasiti bildingi na chai ya saa nne, bila kuruka hatua hata moja.

(Makofi mepesi. Watu wengi wameinamia simu zao.)

Nawaona mnaandika nukta muhimu kwenye simu. Huo ndio utumishi ninaoutaka.

Suala lililotukutanisha hapa ni urari, yaani ulinganifu wa nguvu. Mwananchi wa kawaida anadhani kompyuta ya gemu ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Ndani ya lile kasha wamo wakubwa wawili: kuna prosesa, ambayo kazi yake ni kufikiri, na kuna kadi ya michoro, ambayo kazi yake ni kuonyesha. Katika gemu wanalocheza vijana wetu, la kuokoa watu katika mji unaoungua, prosesa ndiyo inayoamua kila mtu akimbilie wapi, na kadi ndiyo inayomchora akikimbia, pamoja na moshi wake na kivuli chake. Prosesa ikiwa dhaifu na kadi ikawa na nguvu, kadi inakaa tu inasubiri kuambiwa ichore nini, kama fundi rangi aliyefika kabla ukuta haujajengwa. Kadi ikiwa dhaifu na prosesa ikawa na nguvu, basi mawazo yapo tele lakini picha hazitoki. Balaa zote mbili wataalamu wanaziita botoneki, neno ambalo mimi binafsi nimelitamka vizuri katika semina nyingi, mara nyingine bila kulazimika.

(Kicheko kimoja nyuma. Kinakatika.)

Sasa niwaeleze jambo hili lilianzaje, maana kuna watu wanapita vichochoroni wakisema Mkurugenzi hakufanya kitu. Msimu uliopita walikuja ofisini kwangu vijana watano wanaojiita Timu ya Ghorofa ya Nne, kwa sababu wanafanyia mazoezi ghorofa ya nne ya maktaba ya zamani, jengo ambalo lifti yake imepumzika tangu siku ilipozinduliwa na idara ndugu. Kapteni wao ni binti ambaye wenzake wanamwita Shabaha. Mimi simwiti hivyo, kwa kuwa ni mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, na analala nyumbani kwangu. Au tuseme alikuwa analala.

Akaingia, akasema, "Shikamoo, Mjomba."

Nikamwambia, "Hapa ofisini mimi ni Mheshimiwa."

Akasema, "Shikamoo, Mheshimiwa Mjomba," na wenzake wakainamisha vichwa, nadhani kwa heshima.

(Kicheko. Mkurugenzi anasubiri kiishe.)

Wakanieleza kwamba katika mechi ya kuingia fainali walikuwa wameshaokoa karibu watu wote wa mji ule, akabaki bibi mmoja na mjukuu wake kwenye nyumba ya mwisho. Moshi ukaongezeka, watu wakawa wengi barabarani, na skrini zao zote zikaganda. Ziliporudi, paa lilikuwa limeshawaangukia. Mpwa wangu akaniambia, tena bila kupepesa macho, "Mheshimiwa Mjomba, hatukushindwa na watu. Tulishindwa na kompyuta. Zile prosesa za maktaba ni za enzi za mwalimu wa mwalimu wetu."

Nilisimama. Nilifunga kifungo cha koti. Nikawaambia, "Wanangu, kuanzia leo tatizo lenu ni tatizo langu." Na mimi nikishachukua tatizo la mtu, ndugu zangu, huwa silirudishi.

(Makofi. Mama mmoja anatikisa kichwa.)

Kuna jambo moja dogo ambalo wapotoshaji wanalikuza. Wanasema wakati ule mwenye duka la kuchapisha karibu na kituo cha basi, mama mmoja anayejulikana mtaani kama Mama Kurasa, alikuwa ameshawaambia vijana hawa waende kwake baada ya saa za kazi, watumie kompyuta zake, wakizirekebisha wenyewe. Ni kweli alisema. Na ni kweli mimi niliwakataza. Nilimwambia mpwa wangu wazi, "Vijana wa mradi mkubwa kama huu hawawezi kuonekana wamekaa kati ya mashine ya fotokopi na mashine ya kulamineti. Tunawajengea ukumbi." Akaniuliza lini. Nikamwambia hivi karibuni. Akaenda kwa Mama Kurasa, akamshukuru, akakataa. Mtoto mtiifu sana. Hayo ni matunda ya malezi yangu.

Baada ya hapo niliunda Kamati ya Urari. Ndani yake nilimweka mhandisi wa idara, mwanamke msomi, mwenye shahada ambazo ukizipanga ukutani utahitaji ukuta mwingine. Kikao cha kwanza akasema kazi hii ni nyepesi. "Tufungue gemu," akasema, "tuliache lichezwe mahali penye watu wengi na moshi mwingi, halafu tuangalie nani amechoka. Kama prosesa imejaa na kadi imekaa tu, tuanze na prosesa. Kama kadi imejaa na prosesa inapumua, tuanze na kadi. Tusinunue kikubwa cha upande mmoja, kitakaa bure kikisubiri mwenzake. Na tukibadili prosesa tuangalie kama mazabodi, ile bodi kuu inayobeba kila kitu, itaipokea, na tukibadili kadi tuangalie kama umeme wa kasha unaitosha na kama kasha lenyewe lina nafasi. Ni kazi ya mchana mmoja."

Mchana mmoja. Mnasikia dharau hiyo? Mimi nina idara nzima, nina makaimu, nina bajeti ya chai ya mwaka, halafu mtu ananiambia kazi ya mchana mmoja.

(Minong'ono. Mhandisi hayupo kwenye kiti chake.)

Nikamuuliza, "Kati ya hivyo viwili, kipi kina taa?" Akasema kadi za siku hizi nyingine zina taa za rangi. Nikamuuliza, "Na prosesa?" Akasema prosesa haina taa, na ikishafungwa chini ya feni yake hata haionekani. Nikamwambia, "Basi mhandisi, hapo tayari umepata majibu ya kitaalamu. Fedha ya umma haiwezi kwenda mahali ambapo mpiga picha hawezi kufika." Akasema, "Mheshimiwa, kadi kubwa juu ya prosesa zile za maktaba haitaongeza hata fremu moja ya picha. Watoto wataona kuganda kulekule, isipokuwa kutakuwa na taa."

Lakini mimi si kiongozi wa kung'ang'ania jambo. Nilisikiliza pande zote. Nikakaa ofisini, nikazima simu, nikatafakari maana halisi ya neno urari, na nikatoka na suluhisho ambalo hadi leo sijasikia nchi iliyowahi kulijaribu. Nilielekeza kwamba nusu ya kompyuta zipewe prosesa mpya bila kadi, na nusu nyingine zipewe kadi mpya bila prosesa, ili upande wowote usilalamike kwamba umesahauliwa. Huo ndio urari. Usawa wa asilimia mia moja. Hakuna prosesa iliyopendelewa, hakuna kadi iliyoonewa.

(Kaimu Mkurugenzi Msaidizi anaanza kupiga makofi peke yake, wengine wanamfuata.)

Mhandisi akasema, "Mheshimiwa, hapo hatutakuwa na kompyuta hata moja yenye urari." Nikamjibu, "Urari haupimwi kwa kompyuta moja moja, unapimwa kwa wastani wa kitaifa." Akaomba vyote viwili viwekwe kwenye mashine zilezile, hata kama zitakuwa mashine chache. Nikamwambia huo ni upendeleo. Wiki iliyofuata aliomba likizo, na kwa taarifa nilizonazo anaendelea nayo.

Ili kuhakikisha hatukurupuki, nilifanya ziara ya mafunzo nje kwenda kuona kompyuta yenye urari kwa macho yangu. Nilifuatana na mke wangu kama mshauri wa masuala ya familia, shemeji yangu kama mshauri wa masuala ya shemeji, na mpiga picha. Tulioneshwa kompyuta ikiwa mezani. Niliishika. Ilikuwa ya moto kidogo upande mmoja. Niliporudi niliandaa warsha ya kutoa mrejesho, ambapo washiriki walieleza kuridhika kwa kiwango cha asilimia tisini na saba, na wale asilimia tatu waliobaki tulikuja kugundua walikuwa wamesinzia.

(Kelele za furaha kutoka nyuma ya hema. Watu kadhaa wamesimama, simu mikononi.)

Asanteni. Asanteni sana. Kaeni tu. Takwimu zangu huwa zinasisimua, lakini tuendelee kwa utulivu.

Sasa nije kwenye suala linalonihusu mimi kama mzazi, na nitalisema kwa sababu najua limeshafika saluni na kwenye maduka. Jioni moja tulikuwa tunakula. Mpwa wangu alikuwa amekaa upande wake wa siku zote, karibu na friji, sahani yake haijaguswa. Msimu ulikuwa umebaki kidogo uanze. Timu yake ilikuwa haijafanya mazoezi ya maana tangu siku walipokuja ofisini, maana maktaba walishafunga ghorofa ya nne kupisha mradi wangu, na kwa Mama Kurasa nilishawakataza.

Akasema, "Mjomba, nikuulize kitu."

"Uliza, mama."

"Ule ukumbi upo?"

Nikamwambia, "Upo katika mchakato."

Akasema, "Naelewa. Upo wapi katika mchakato?"

Nikamweleza kuhusu mchoro wa awali, tathmini ya mchoro wa awali, na maoni ya wadau juu ya tathmini. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema, "Sikuulizi hayo, Mjomba. Nauliza kama kuna chumba. Chumba chenye mlango, ambacho nikiingia nitakuta kompyuta, hata moja. Nataka niwaambie wenzangu, wananiuliza kila siku, na mimi nawaambia mjomba wangu kasema."

Mke wangu akaweka kijiko chini, akasema taratibu, "Mwambie mtoto ukweli, ale chakula chake."

Nililichukulia lile kama ishara ya kuungwa mkono nyumbani. Nikamwambia mpwa wangu kwamba subira ni sehemu ya mkakati. Akainuka, akapeleka sahani jikoni, akaiosha ingawa hakuwa amekula, akaenda chumbani. Asubuhi kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri sana, vizuri kuliko siku zote, na begi lake halikuwepo. Alikuwa amekwenda kukaa kwa mhandisi. Yule wa likizo.

(Watu wanainua macho kutoka kwenye simu.)

Mama yake, yaani marehemu dada yangu, alinikabidhi binti huyu akiwa hospitali, sauti yake imeshapungua. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliniambia, "Kaka, nakujua. Usimpe vingi. Ila ukimwambia utampa, mpe." Nikamwambia...

Naomba maji.

(Anakunywa maji. Anageuza karatasi mbili kwa pamoja, anazirudisha.)

Tuendelee na takwimu.

Kilichofuata ni ukiukwaji mkubwa wa taratibu, na nitakieleza ili kiwe fundisho. Vijana wale watano, bila idhini, bila kamati, bila hata mgeni rasmi, walikwenda kwa Mama Kurasa na kumwomba msamaha kwa kumkataa mara ya kwanza. Kwa mujibu wa watu waliokuwepo, mama yule aliwaambia, "Mimi sina ukumbi. Nina kompyuta ninazochorea mabango, na mkifika lazima mfagie." Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa hati nzima ya makubaliano.

Halafu wakafanya kilekile alichokisema mhandisi. Wakafungua gemu katikati ya duka, wakaipeleka timu yao kwenye barabara yenye watu wengi na moshi mwingi, na mhandisi akakaa pembeni akitazama. Wakakuta kompyuta za mabango zina prosesa nzuri tu, zinafanya kazi bila jasho, lakini kadi zake ni dhaifu, zimejaa hadi juu, zinahema. Mnaona jinsi walivyokosa maono? Kwa kuwa prosesa zilitosha, hawakuzigusa kabisa. Wakatafuta kadi za mtumba. Tena hawakutafuta kadi kubwa kuliko zote. Kijana mmoja alitaka kubwa, mpwa wangu akamwambia, "Tukichukua ile, umeme wa kasha hautoshi, na hata ukitosha, prosesa itaachwa nyuma, turudi kulekule. Tuchukue ya katikati." Ya katikati, ndugu zangu. Kadi ambazo hazina hata taa moja. Na ili mama yule awatafutie hizo kadi, msimu mzima vijana walikuwa wakimkatia kadi za mialiko na kubandua karatasi zilizokwama kwenye fotokopi. Haya ndiyo maisha waliyoyachagua badala ya kusubiri ukumbi.

(Makofi makubwa. Mkurugenzi anatazama huku na kule.)

Mnapiga makofi mahali ambapo nimekusudia masikitiko. Nadhani ni uchovu.

Sitaki kuficha kitu, kwa sababu uwazi ni nguzo ya idara hii. Mimi mwenyewe nilipita pale kwa Mama Kurasa jioni moja, kwa bahati tu, gari ikiwa imeegeshwa mbali. Nilisimama nje, upande wa mashine ya fotokopi. Nikawaona kupitia kioo. Mji ulikuwa unaungua kwenye skrini zote tano, moshi umetanda, watu wanakimbia barabara nzima, na picha zilikuwa zinatiririka bila kukwama hata mahali pamoja. Mpwa wangu alikuwa na vifaa vya masikioni, anaongea kwa sauti ya chini, "Kushoto yako. Mchukue mtoto kwanza. Mimi nipo na bibi." Nilitaka kugonga kioo. Nikakumbuka kwamba sikuwa na mwaliko rasmi.

Mama Kurasa akatoka kumwaga maji ya deki, akaniona. Akasema, "Karibu ndani, Mheshimiwa." Nikamwambia napita tu. Akasema, "Anakula vizuri siku hizi, usiwe na wasiwasi." Kisha akaingia ndani akafunga mlango, kwa utaratibu, bila kuubamiza. Nimemwandikia onyo kuhusu ufungaji wa milango mbele ya viongozi.

(Kelele kubwa. Watu wote wamesimama. Wengine wanakumbatiana. Kiti kinaanguka.)

Nakushukuruni kwa hamasa hii, lakini hapo sikuwa nimefika kwenye... Ndugu Dereva, kuna nini? Sema tu, hapa pana demokrasia.

(Dereva wa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi anasimama kwenye kiti chenye kitambaa cheupe: "Mheshimiwa, wameshinda. Ghorofa ya Nne. Fainali imeisha sasa hivi. Wameokoa mji mzima, hakuna aliyebaki ndani.")

Wameshinda.

Mji mzima?

("Mji mzima, Mheshimiwa. Huyo Shabaha alirudi ndani mara ya mwisho kumtoa bibi.")

Vizuri. Vizuri sana. Basi, ndugu wanahabari, andikeni kama ninavyosema: ushindi huu umepatikana wakati mimi ni Mkurugenzi Mkuu, nikiwa nimesimama, nikihutubia, jambo ambalo linaonesha wazi uhusiano wa moja kwa moja kati ya hotuba zangu na matokeo uwanjani. Nilipoanza kuzungumza walikuwa hawajashinda. Sasa wameshinda. Mwenye tafsiri nyingine ailete kwa kufuata taratibu.

(Watu wanacheka. Wengi wanaanza kutoka kwenye hema kuelekea kituoni, kwa Mama Kurasa.)

Ndugu Dereva, hiyo simu yako, wanamhoji? Ongeza sauti. Mlete karibu na kipaza sauti, wote tumsikie.

(Sauti ya binti kutoka kwenye simu: "Namshukuru Mama Kurasa. Namshukuru mhandisi wetu, alitufundisha kuangalia kwanza nani amechoka. Nawashukuru wenzangu wanne. Na mama yangu, popote alipo." Sauti ya mwandishi: "Tumesikia mjomba wako ni Mkurugenzi Mkuu. Naye alisaidiaje?" Sauti ya binti: "Mjomba wangu ni mtu mwenye shughuli nyingi." Dereva anazima simu.)

Mmesikia. Mwenye shughuli nyingi. Hizo ni sifa kubwa kutoka kwa kijana wa siku hizi. Jina hakulitaja kwa sababu ya furaha. Mtu akifurahi anasahau hata njia ya nyumbani.

(Anakunja karatasi. Anazikunjua.)

Kabla hatujaachana, naona wengi mmetangulia na hema limepata hewa nzuri, naomba tuinuane kwa kaulimbiu za mradi, kama zilivyopitishwa na Kamati ya Urari. Nikisema prosesa, mnasema juu. Prosesa.

(Mlinzi wa getini, peke yake: "Juu.")

Kadi.

("Juu.")

Mkurugenzi Mkuu.

(Mlinzi anakohoa.)

Asante, inatosha. Urari kwanza, kompyuta baadaye. Hakuna fremu itakayoachwa nyuma. Fikiri kama prosesa, ng'aa kama kadi, subiri kama mwananchi.

Sasa nimalizie kwa shukrani, maana kiongozi asiyeshukuru hana tofauti na asiyeshukuriwa. Naishukuru Kamati ya Urari kwa vikao ambavyo havikufikia uamuzi wowote wa kuweza kulaumiwa. Namshukuru mhasibu, ambaye alithibitisha kwamba fungu la prosesa liliishia kwenye ziara, na fungu la kadi likaishia kwenye warsha ya kutoa mrejesho wa ziara, kwa uwiano wa nusu kwa nusu, kama nilivyoelekeza. Namshukuru kwa namna ya pekee mtunza stoo wa idara, kwa kutuazima mlango wa stoo ya mifagio ili tuufungie utepe asubuhi ya leo, na kwa kukumbuka kuondoka na ufunguo ili mgeni yeyote asipate tamaa ya kuingia. Nawashukuru wakaguzi, waliokuja, wakazunguka jengo zima, na kuandika kwamba huu ndio mradi pekee ambao hawakukuta kasoro ndani yake, kwa sababu hiyo ndani yenyewe hawakuikuta. Hakuna kompyuta iliyoharibika, hakuna kadi iliyoibiwa, hakuna skrini iliyoganda, na hakuna kijana hata mmoja aliyewahi kupata ajali ndani ya ukumbi wetu, kwa kuwa ukumbi huo, ndugu zangu, haujawahi kuwepo, na kwa rekodi safi kiasi hicho natangaza kwa furaha kwamba awamu ya pili inaanza leo.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.

(Mlinzi anachomoa waya wa kipaza sauti, anaukunja mkononi. Mkurugenzi Mkuu anamuuliza kwa sauti ya kawaida, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi: "Pale kwa Mama Kurasa, mtu akienda kwa miguu, anaingilia mlango gani?")